Mpira wa Sufu na Kobe wa Mashine

Msomaji, kama ulipitia shule ya chekechea kabla ya kuingia darasa la kwanza, yamkini wakumbuka vitu ulivyovishika huko kuliko maneno uliyoambiwa. Vizibo vya chupa vilivyotungwa kwenye waya. Magunzi ya mahindi. Kokoto zilizopangwa mafungu mafungu. Udongo wa mfinyanzi uliokaukia vidoleni. Pengine jina la mwalimu limekwisha kukutoka, lakini kile kizibo hakijakutoka. Jambo hilo halikutukia kwa bahati tu. Nyuma ya kizibo kile ipo historia ya miaka karibu mia mbili, na ndani yake mna serikali iliyowaogopa watoto wa miaka minne, mna wafuasi walioharibu kazi ya bwana wao kwa kuipenda mno, na mna mwanamke kijana aliyetengeneza chombo cha ajabu kisha akakiacha. Nataka kukusimulia historia hiyo, kwa sababu siku hizi watu hubishana sana kama yafaa mtoto mdogo apewe mashine yenye kioo king'aacho ajifunzie, na wengi wao hudhani kwamba ubishi huo umezaliwa jana.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Watu wengi wakisikia teknolojia hufikiri umeme na waya. Lakini jembe ni teknolojia, na kinu, na ngalawa, na kalamu uliyoishika. Ni kila chombo ambacho binadamu amekibuni kwa akili yake ili kimsaidie katika kazi maalumu. Tukilishika neno hilo kwa upana wake, moja ya teknolojia za kwanza zilizobuniwa makusudi kwa ajili ya watoto wa chekechea haikuwa na waya hata mmoja. Ilikuwa ni mipira sita ya sufu.

Aliyeibuni ni Friedrich Froebel, mtu wa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Udachi. Alizaliwa mwaka wa 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima yenye misitu ya Thuringia. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa mwenye shughuli nyingi, na mama wa kambo hakumpa upendo. Basi mtoto akakua mpweke, na marafiki zake wakawa majani, mawe na miti. Alipofika miaka 15 alipelekwa kujifunza kazi ya msitu. Baadaye alihangaika huku na huku: akasoma kidogo katika chuo kikuu cha Jena, akafundisha mjini Frankfurt, akaenda Uswisi kukaa na mwalimu mashuhuri Pestalozzi, akaingia vitani mwaka wa 1813 kupigana na majeshi ya Napoleon. Vita vilipokwisha alipata kazi mjini Berlin katika jumba la kuhifadhia madini. Huko kazi yake ilikuwa kupanga fuwele, yaani yale mawe ambayo hukua yenyewe ardhini kwa nyuso zilizonyooka na pembe zilizo sawa. Akawa akizishika mchana kutwa, akaona jinsi umbo kubwa linavyojengwa na maumbo madogo yanayofuata kanuni moja. Yakumbuke mawe hayo, msomaji, maana yatarudi.

Katika mwaka wa 1837, akiwa mtu wa miaka 55, Froebel alifungua nyumba katika mji mdogo wa Blankenburg kwa ajili ya watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Nyumba za kuwatunza watoto wadogo zilikuwako tangu kabla yake, lakini nyingi zilikuwa mahali pa kuwazuia wasiungue motoni mama zao walipokuwa kazini, au mahali pa kuwakaririsha maneno wasiyoyaelewa. Froebel alishika rai nyingine. Alisema kwamba mchezo wa mtoto si upuuzi wa kupitisha wakati. Ndiyo kazi yake, na kwa kazi hiyo hujifunza jinsi ulimwengu ulivyo. Lakini kila kazi ina zana zake. Seremala ana randa, mvuvi ana nyavu. Mtoto je, ana nini? Basi akaanza kumtengenezea zana, akaziita zawadi.

Zawadi ya kwanza ndiyo ile mipira ya sufu, laini, kila mmoja na rangi yake na kamba yake. Mama huuning'iniza mpira mbele ya mtoto. Mpira waenda, warudi, wajificha, watokea tena. Zawadi ya pili ilikuwa ya mti: tufe lililo duara kabisa, na mchemraba wenye nyuso sita sawasawa. Baadaye aliongeza mcheduara kati yao, ambao una tabia ya ndugu zake wote wawili: ukiulaza wabingirika kama tufe, ukiusimamisha watulia kama mchemraba. Zawadi ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa na kutiwa katika kisanduku chenye kifuniko. Nyingine zikafuata, vipande vikizidi kuwa vingi na vyembamba, kisha vijiti vya kupanga na karatasi za kukunja.

Hebu umtazame mtoto wa miaka minne mwenye ile zawadi ya tatu. Akipindua kisanduku na kukiondoa taratibu, kitu kimoja kizima chabaki mezani. Akikigusa, chagawanyika mara mbili; akigusa tena, mara nne; tena, mara nane. Ajenga kiti cha babu, ngazi, daraja, kisha avirudisha vyote kisandukuni pasibaki hata kimoja. Hapana aliyemfundisha kwamba nusu ya nane ni nne, wala hajui neno nusu, lakini mikono yake imekwisha kulijua jambo lenyewe. Hayo, msomaji, ndiyo mawe ya Berlin yaliyorudi.

Jina la nyumba hiyo lilimpa taabu kulipata. Husimuliwa kwamba alikuwa akitembea mlimani pamoja na wenzake alipolipata ghafula, akalitamka kwa sauti kuu: Kindergarten, bustani ya watoto. Alilitangaza rasmi tarehe 28 Juni, 1840, siku ambayo Wajerumani walikuwa wakisherehekea miaka 400 ya ufundi wa uchapaji wa Gutenberg. Basi bustani ya watoto ilizinduliwa katika sikukuu ya mashine.

Sasa ona jinsi serikali inavyoweza kukiogopa kichezeo. Mwaka wa 1848 Ulaya ilikumbwa na mapinduzi, na yalipozimwa, wafalme wakawa na hofu ya kila fikira mpya. Tarehe 7 Agosti, 1851, waziri wa elimu wa Prussia, Karl von Raumer, alipiga marufuku bustani za watoto katika dola yote. Alisema kwamba zimo katika njama ya wajamaa wa kuwaondoa watoto katika dini. Sehemu ya hoja yake ilitokana na kijitabu kilichoandikwa na mpwa wa Froebel, jina lake Karl Froebel, na yaonekana waziri alichanganya majina ya hao wawili. Mzee alijaribu kueleza, akaandika barua, lakini hakusikilizwa. Alifariki tarehe 21 Juni, 1852, amri ikiwa bado ina nguvu. Iliondolewa mwaka wa 1860. Nimewahi kufikiri kwamba yule waziri, japo alikosea mtu, hakukosea sana katika hisia zake. Mtoto aliyezoea kujenga daraja lake mwenyewe, kulibomoa na kulijenga kwa namna nyingine, ni mtu asiyependeza machoni pa mfalme anayetaka raia wa kutii tu.

Marufuku hiyo ilisaidia kuzitawanya mbegu. Walimu wa Froebel wengi walikimbilia nchi nyingine. Katika mwaka wa 1856 Margarethe Schurz alifungua bustani ya watoto huko Watertown, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Mwaka wa 1860 Elizabeth Peabody alifungua nyingine mjini Boston, na miaka michache baadaye mchapaji na mtengenezaji wa michezo, Milton Bradley, akaanza kuzitengeneza zile zawadi kiwandani na kuziuza. Mwaka wa 1876 palikuwa na maonyesho makubwa mjini Philadelphia. Mama mmoja aliziona huko, akamnunulia mwanawe wa miaka tisa. Mtoto huyo, Frank Lloyd Wright, baadaye akawa msanifu wa majengo mwenye sifa kubwa kuliko wengi katika Marekani, na hata uzeeni alisema kwamba vipande vile vya mti havijatoka vidoleni mwake.

Hadi hapa hadithi ni tamu. Lakini sikusudii kukusimulia utamu tu.

Froebel alipokwisha kufa, wafuasi wake waliziheshimu zawadi zake kama mtu anavyoyaheshimu maandiko matakatifu. Wakaandika vitabu vya kueleza kila kipande kishikwe lini na kiwekwe wapi. Meza za watoto zikachorwa miraba midogo midogo kama karatasi ya hesabu. Mwalimu akisimama mbele alitoa amri, na watoto wote wakainua kipande kimoja kwa wakati mmoja, wakakiweka katika mraba ule ule, wakangoja amri ya pili. Aliyejenga kitu chake mwenyewe alihesabiwa kuwa amekosa. Vipande havikubadilika: ni mti ule ule, umekatwa kwa vipimo vile vile. Lakini yule mtoto aliyekuwa mjenzi sasa alikuwa kipande kimoja zaidi mezani. Na yote hayo yalitendeka pasipo umeme, pasipo kioo, pasipo intaneti. Ukimsikia mtu akisema kwamba mashine za leo ndizo zilizoleta desturi ya kuwaendesha watoto kwa amri, mkumbushe meza zile.

Miongoni mwa waliokataa ni Patty Smith Hill wa Louisville, katika jimbo la Kentucky. Wewe wamjua pasipo kumjua, kwa maana yeye na dada yake Mildred ndio waliotunga, kwa ajili ya kuwaamkia watoto wa chekechea asubuhi, wimbo uliochapishwa mwaka wa 1893 ambao sauti yake huimbwa leo kila mtu anapotimiza mwaka mwingine wa kuzaliwa. Bibi Hill aliviweka kando vile vipande vidogo vya mezani, akatengeneza vipande vikubwa vya kupanga sakafuni, hata mtoto aweze kujenga nyumba na kuingia ndani yake. Kule Roma naye Maria Montessori, daktari wa tiba, alifungua Nyumba ya Watoto tarehe 6 Januari, 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Zana zake zina werevu wa namna ya peke yake. Chukua lile gogo lenye matundu kumi, na vizibo vya mti kumi vya unene mbalimbali. Mtoto akikosea mahali pa kizibo kimoja, mwishoni hubaki kizibo kisichoingia. Chombo chenyewe chamwambia kwamba pana kosa, bila kumkemea wala kumcheka. Mwalimu hana haja ya kusema neno. Sifa hiyo, ya chombo kumrudishia mtoto jibu, ndiyo inayotuleta kwenye zama za kompyuta.

Tarehe 29 Februari, 1928, mjini Pretoria, Afrika Kusini, alizaliwa mtoto aliyeitwa Seymour Papert. Baba yake alikuwa mtaalamu wa wadudu aliyeichunguza mbung'o, yule nzi aletaye ugonjwa wa malale. Kabla ya kutimiza miaka miwili, mtoto huyo alipenda sana sehemu za motokaa, na hasa magurudumu yenye meno ambayo moja likizunguka hulizungusha jingine. Aliyachezea miaka mingi. Alipofundishwa shuleni jedwali za kuzidisha, aliziona kichwani mwake kama magurudumu yale: hili lizunguke mara moja, lile lizunguke mara tatu. Hesabu haikumtisha, maana ilikuja imevaa nguo za rafiki yake wa zamani. Alipokua aliupinga ubaguzi wa rangi katika nchi yake, akaondoka kwenda kusoma Cambridge, kisha akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mchunguzi mkuu wa akili za watoto. Kutoka huko alikwenda Marekani, katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts.

Kompyuta za wakati ule zilikuwa kubwa kama makabati, ghali mno, na kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za mabenki na majeshi. Mwaka wa 1967 Papert, pamoja na Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wengine, waliunda lugha ya kuiamrisha kompyuta ambayo mtoto angeweza kuitumia. Waliiita Logo. Baada ya muda mfupi wakaiongezea kobe: mashine ndogo yenye mgongo wa duara, iliyotambaa sakafuni kwa magurudumu, na kalamu tumboni mwake. Mtoto akiamuru kobe aende mbele hatua mia, ageuke kulia pembe mraba, na kurudia hivyo mara nne, kobe huchora mraba juu ya karatasi. Akikosea pembe, kobe huchora kitu kingine kabisa, na mtoto hucheka, huchungulia, hutafuta palipoharibika. Papert alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba katika shule nyingi kompyuta hutumiwa kumpangia mtoto programu. Yeye alitaka mtoto ndiye aipangie kompyuta. Yasome tena maneno hayo, kisha uzifikirie meza za miraba. Utaona kwamba ugomvi ni ule ule.

Walakini palikuwa na kizuizi. Ili kumwamrisha kobe ilipasa mtoto ajue kusoma na kupiga chapa, na mtoto wa chekechea hajui lolote kati ya hayo. Aliyekiona kizuizi hicho na kukishughulikia alikuwa mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Radia Perlman, aliyezaliwa mwaka wa 1951. Kati ya mwaka wa 1974 na 1976 alitengeneza vyombo viwili kwa ajili ya watoto walioanzia miaka mitatu na nusu hivi. Cha kwanza kilikuwa visanduku vya vitufe. Kitufe kimoja chenye picha ya mshale kilimpeleka kobe mbele, kingine nyuma, kingine kikamgeuza, kingine kikawasha taa yake, kingine kikamfanya apige honi. Mtoto akikwisha kuvizoea alipewa kisanduku cha pili chenye tarakimu, apate kusema mara ngapi. Halafu cha tatu chenye kumbukumbu, kobe apate kuyatenda mambo mengi mfululizo bila kubonyezwa tena. Bibi huyo hakuwatupia watoto vitufe vyote siku moja. Aliwapa kidogo kidogo, kama mama anavyomlikiza mtoto kwa uji mwepesi kabla ya kumpa ugali.

Chombo cha pili, kwa maoni yangu, ndicho bora. Kilikuwa safu ndefu yenye nafasi za kuchomeka kadi. Kila kadi ilikuwa na picha ya tendo moja. Mtoto alizipanga kadi zake kwa mfuatano autakao, akabonyeza kitufe cha mwanzo wa safu, na kobe akazifuata moja baada ya moja, huku taa ndogo ikiwaka chini ya kadi inayotendwa wakati huo. Palikuwa na safu zaidi ya moja, kila safu na rangi yake, na kadi ya rangi fulani iliweza kumtuma kobe kwenye safu ya rangi hiyo. Waona kilichotendeka? Fikira ya mtoto, ambayo haionekani, imekuwa kitu cha kushikwa mkononi. Kobe akienda kombo, mtoto hutazama taa ilipokuwa ikiwaka, huichomoa kadi iliyokosea, huchomeka nyingine. Kosa halikuwa tena aibu wala fimbo. Lilikuwa kadi moja iliyokaa mahali pasipo pake. Ni kile kizibo cha Montessori kilichokataa kuingia, ila sasa kimepata magurudumu.

Lakini Bibi Perlman aliiacha kazi hiyo. Alikuwa karibu mwanamke wa pekee katika mahali pale pa wanaume, naye ameeleza baadaye kwamba alitaka kuheshimiwa kama mwanasayansi, akaogopa kwamba kazi inayohusu watoto wadogo wa kupendeza ingewafanya watu wasimhesabu. Akaenda kwenye mitambo ya mawasiliano, na mwaka wa 1985 akabuni kanuni inayoziwezesha kompyuta nyingi kuunganishwa bila habari kuzunguka daima pasipo mwisho. Mitandao mingi ya ulimwengu imeitegemea kanuni hiyo. Hatuwezi kusema kwamba alipotea njia. Walakini nahuzunika kidogo kila nilifikiriapo jambo hili: kwamba kumfundisha mtoto wa miaka minne kulidhaniwa kuwa kazi duni, hata mtu mwenye akili kama hiyo akaona afadhali aiache. Dharau ile ile twaijua hapa kwetu; ulizia mishahara ya walimu wa chekechea. Fikira yake ililala miaka mingi. Baadaye ikafufuka katika programu ya ScratchJr, iliyotolewa mwaka wa 2014 kwa watoto wa miaka mitano hadi saba, na katika roboti ndogo iitwayo KIBO, ambayo haina kioo chochote. Mtoto huiamrisha kwa kupanga vipande vya mti. Vipande vya mti, msomaji! Froebel angevitambua mara moja.

Hata sasa nimekusimulia habari za Ulaya na Marekani, ambako vyombo hivyo vilianzia. Kwetu Afrika ya Mashariki chekechea zilikuja kwa njia nyingine, na mara nyingi bila zana za dukani. Katika Kenya vituo vya watoto vilienea wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, katika vijiji ambako akina mama walilazimishwa kufanya kazi za shokoa. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 wazazi walijenga shule nyingi za chekechea kwa harambee, wakaezeka wenyewe, wakamlipa mwalimu kwa michango. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Taasisi ya Elimu ya Kenya walianza mpango maalumu kwa ajili ya shule hizo, na mwaka wa 1984 kikaundwa Kituo cha Kitaifa cha Elimu ya Watoto Wadogo. Walimu walifundishwa kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo karibu. Ndipo kizibo chako na gunzi lako vilipoingia katika historia hii. Usividharau kwa kuwa havikununuliwa. Kizibo hushikika, huhesabika, hubingirika, na kikipotea hakuna anayelia.

Teknolojia ya umeme iliyowafikia wadogo wetu mapema ilikuwa redio. Katika mwaka wa 1974, katika nchi ya Nicaragua, ulianzishwa mradi wa kufundisha hesabu kwa redio kwa namna mpya: msemaji huuliza swali, kisha hunyamaza sekunde kadhaa, na katika kimya kile watoto hujibu kwa sauti, au huruka, au huandika. Kenya iliijaribu njia hiyo kwa masomo ya Kiingereza katika madarasa ya chini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na huko Zanzibar, tangu mwaka wa 2006, mradi ulioitwa Tucheze Tujifunze uliwapelekea watoto wa chekechea na wa madarasa ya mwanzo vipindi vya nyimbo, hadithi na michezo kwa Kiswahili, hata mahali ambapo hapakuwa na shule ya chekechea. Utaniambia kwamba redio hutoa amri nayo, kama yule mwalimu wa meza za miraba. Ni kweli, na sikatai. Lakini amri ya kuokota kokoto tano uwanjani na kuzipanga utakavyo si sawa na amri ya kukaa kimya. Tena kile kimya cha sekunde chache kilikuwa mali ya mtoto.

Kisha vikaja vishikwambi. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013 wananchi wa Kenya waliahidiwa kwamba watoto wanaoingia darasa la kwanza watapewa kompyuta. Baada ya mabishano marefu ya zabuni, vifaa vilianza kufika shuleni mwaka wa 2016, navyo vilikuwa vishikwambi. Mtaala mpya ulipoanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, ulizihesabu chekechea mbili za mwisho kuwa sehemu ya elimu ya msingi, na ujuzi wa kidijitali ukawa mmojawapo wa umilisi saba unaotakiwa kwa kila mwanafunzi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba ikipungua ni bora zaidi.

Wazazi wengi, wakisikia habari hizi mbili pamoja, huuliza: basi kifaa ni kizuri au ni kibaya? Mimi naona swali hilo halijibiki, kama vile halijibiki kuhusu kipande cha mti. Ningependa kuuliza jingine. Mtoto akishika kifaa hicho, nani anamwamrisha mwenziwe? Ziko programu ambazo mtoto hugusa picha ya ng'ombe, ng'ombe hulia, nyota humwagika, naye hugusa tena. Saa nzima hupita bila yeye kutenda jambo ambalo mashine haikulitazamia. Hizo ni meza za miraba zilizotiwa rangi. Tena kiko kishikwambi kile kile, kimoja kwa darasa zima, ambacho mwalimu mwerevu huwapa watoto wapige picha za vitu vyote vilivyo duara katika uwanja wa shule: sufuria, gurudumu la baiskeli, kizibo, jua lililochorwa ukutani. Watoto hurudi mbio, huzitazama picha zao pamoja, hubishana kama yai ni duara au si duara. Ubishi huo wa yai wa thamani sana kwangu, na kishikwambi ndicho kilichouleta.

Kabla sijakuaga, nakupa kazi moja isiyohitaji kifaa chochote, nayo aliipenda Papert mwenyewe. Jumamosi, mchukue mdogo wako wa miaka minne au mitano uwanjani. Mwambie kwamba wewe u kobe wake, na kwamba kobe huyo hajui neno lolote ila haya: mbele, nyuma, geuka, simama. Shika tawi la mti liburuzwe mchangani nyuma yako liwe kalamu, kisha umtake akuchoreshe nyumba. Usimsaidie. Akisahau kukugeuza, nenda moja kwa moja mpaka uufikie ua, ugonge, usimame hapo hapo umngoje. Atacheka kwanza. Halafu atanyamaza, atautazama mstari wako mchangani, atarudi nyuma kwa macho yake hatua kwa hatua, mpaka afike mahali pale ulipopaswa kugeuka.